Aliye Nyuma Yako Anaona Nini?

Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya ubao nikiwafundisha vijana wa kidato cha tatu kanuni ya Ohm, na sikumbuki hata siku moja niliyoulizwa na mwanafunzi, au niliyojiuliza mwenyewe, swali hili: umeme ukishafika kwenye taa, taa hiyo inamwambia nani nini? Nililisikia swali hilo kwa mara ya kwanza Kariobangi, kutoka kwa fundi aliyekuwa amelala chali chini ya pikapu, miguu yake tu ikionekana. Sikuwa na jibu.

Hebu nieleze kisa chenyewe, ndipo msomaji aamue kama niliistahili aibu niliyoiona siku ile.

Shemeji yangu ni mchuuzi wa kabichi na viazi. Hununua mazao yake Njabini, kule Kinangop Kusini, na kuteremka usiku ili afike soko la Wakulima, lile ambalo wakazi wa Nairobi huliita Marikiti, kabla ya mapambazuko. Aliyepata kuitumia barabara hiyo anajua hali ya Kinale na Kimende nyakati za usiku. Ukungu hutanda hata dereva akawa haoni ncha ya boneti ya gari lake. Kwa hofu hiyo shemeji alikwenda barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, akanunua utepe wa taa za LED wenye urefu wa kama mita moja na nusu, ule unaobandikwa chini ya mlango wa nyuma wa pikapu na kuwaka mstari mmoja mwekundu toka upande mmoja hadi wa pili.

Nia yake ilikuwa njema, wala sayansi haikumpinga. Balbu ya kawaida huwaka kwa sababu uzi mwembamba ndani yake umepashwa moto hadi ukang'aa, na kuupasha moto uzi huo huchukua karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. LED haina uzi wa kupashwa. Ikipata umeme huwaka papo hapo. Sasa, gari linalokwenda kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 katika kila sekunde. Dereva wa nyuma akiiona breki yako mapema kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, amepata zaidi ya mita tano za kusimamia, yaani urefu wa pikapu nzima. Mtu aweza kufa au kupona katika mita hizo tano.

Kijana mmoja wa kando ya barabara, ambaye sitamtaja wala kumtaja mahali pake, aliufunga utepe ule kwa nusu saa. Ulikuwa na nyaya nne: mweupe, wa kahawia, wa manjano na wa kijani. Alitumia vibanio vidogo vya plastiki vyenye meno ya chuma, ambavyo hutoboa ngozi ya waya na kuuma shaba iliyomo ndani. Shemeji akaingia, akakanyaga breki, utepe ukawaka vyekundu vya kupendeza. Wapita njia wakasifu. Pesa zikalipwa. Hakuna hata mmoja aliyezunguka mbele ya gari kutazama.

Siku chache baadaye shemeji aliona kwamba akiwasha indiketa, mshale kwenye dashibodi ulikuwa ukipiga mbio kuliko kawaida. Alidhani ni mbwembwe za taa mpya.

Usiku wa tukio alikuwa akiteremka kuelekea Kimende, ukungu umeshika, mguu wake ukikaa juu ya breki kwa muda mrefu. Mbele yake gari fulani lilisimama ghafla, naye akasimama. Lori lililokuwa nyuma yake halikusimama. Dereva wa lori alikata usukani katika dakika ya mwisho, akaking'oa kioo cha ubavuni cha pikapu, akaenda kukomea kwenye mtaro. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Shemeji alishuka tayari kwa matusi, kwani alijihesabu kuwa ndiye aliyekuwa na taa bora kuliko gari lolote barabarani. Dereva yule, akitetemeka, alimwambia maneno ambayo shemeji amenisimulia mara nyingi: "Mzee, nimeufuata mstari wako mwekundu tangu Kinale. Haukubadilika hata mara moja. Ningejuaje kwamba umesimama?"

Walipotazama, wakakuta kweli. Taa ndogo za usiku zilikuwa zinawaka, utepe nao unawaka, lakini hata ukanyage breki kwa miguu miwili, nyuma hakuna kilichobadilika. Fyuzi ya breki ilikuwa imekatika. Mtu aliyetafuta taa za breki zaidi ya zile alizopewa na kiwanda alikuwa ameteremka mlima bila hata moja.

Ndivyo tulivyofika Kariobangi. Nasema tulivyofika kwa sababu shemeji aliniomba nimsindikize, akiamini kwamba mwalimu wa fizikia hawezi kudanganywa kuhusu umeme. Mahali penyewe ni Kariobangi Light Industries, kando ya barabara ya Outering, na asiyepajua asidhani ni gereji moja. Hapo huyeyushwa vyuma vikuukuu vya alumini vikawa sufuria. Hapo huundwa vinu vya kusagia mahindi na mashine za kuchomelea. Kelele za nyundo huanza asubuhi na hazinyamazi hadi jioni. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ni ripoti hiyo iliyowafanya wataalamu wa dunia waanze kuwatazama watu wa namna hii kama wafanyakazi badala ya kuwaona kama wazururaji. Kwetu tukawaita jua kali, jina ambalo lilipata heshima zaidi baada ya Rais Moi kuwatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985.

Fundi wa umeme tuliyeelekezwa kwake ni mtu wa makamo, mpole, mwenye mwanagenzi mmoja. Shemeji alimweleza kwamba fyuzi imekatika, na jirani mmoja amemshauri aweke kubwa zaidi, ya ampea 20 badala ya 10. Fundi akatikisa kichwa. "Fyuzi haina kosa," alisema. "Imefanya kazi yake. Wacha tutafute nani aliyeichosha."

Alitia fyuzi mpya ya ukubwa uleule, akamwomba shemeji akanyage breki, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu siku ya kwanza. Alizunguka mbele. Indiketa zote mbili za mbele zilikuwa zinawaka, kimya, bila kupepesa. Akakanyaga breki, na gari likawasha mishale!

Msomaji, hebu nieleze kilichotokea, kwani hapa ndipo penye fizikia. Utepe ule ulitengenezwa kwa desturi ya Marekani. Huko sheria inaruhusu indiketa ya nyuma iwe nyekundu, na magari mengi yao hutumia taa moja kwa kazi mbili: ileile inayosema "nasimama" ndiyo inayopepesa kusema "nakata kona". Kwa hiyo utepe hauna waya wa breki peke yake. Waya wa manjano hubeba breki na indiketa ya kushoto, wa kijani hubeba breki na indiketa ya kulia. Pikapu ya shemeji, kama magari mengi yaliyo kwetu, ina breki nyekundu upande wake na indiketa za rangi ya chungwa upande wake, kila moja na waya wake. Yule kijana wa kwanza aliona nyaya mbili zenye kazi mbili, akaunganisha waya wa breki na manjano na kijani, kisha akaunganisha na indiketa za kushoto na kulia papo hapo. Njia tatu zilizojengwa mbalimbali zikawa njia moja. Breki ikikanyagwa, umeme ulipita kwenye utepe, ukarudi nyuma kwenye nyaya za indiketa, ukawasha kila balbu iliyokuwa mbele yake.

Mwanagenzi alichukua chaki akaandika sakafuni. Balbu mbili za breki, wati 21 kila moja. Balbu nne za indiketa, wati 21 kila moja. Mbili ndogo za ubavuni, wati tano tano. Jumla wati 136. Gawanya kwa volti 12, unapata zaidi ya ampea 11, katika fyuzi ya ampea 10. Fyuzi huvumilia kidogo ikizidiwa kidogo. Breki za mjini ni za kugusa na kuachia, nayo ilivumilia. Kwenye mteremko mrefu wa ukungu, mguu usipotoka, haikuvumilia.

Nikauliza kwa nini shemeji hakuona mishale ikiwaka kwenye dashibodi kila alipokanyaga breki. Kwenye Peugeot 504 za zamani angeiona, alijibu fundi, kwa sababu mshale wa dashibodi ulikuwa balbu ya kweli iliyounganishwa na waya uleule. Katika gari la kisasa kompyuta ndiyo huagiza taa ziwake, na ndiyo huagiza mshale uonekane. Mfumo wa kompyuta za gari kuzungumza kwa nyaya mbili tu ulitangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986, na leo umeenea karibu kote. Dashibodi humwonyesha dereva kile ambacho kompyuta imeamuru, na kilichotokea kwenye waya ni jambo jingine. Zile mbio za indiketa ndizo zilizokuwa malalamiko ya pekee ya kompyuta: iliona mzigo umezidi, ikajikatia, ikaonya. Hakuna aliyeielewa lugha yake.

Hapo nikaona wakati wangu wa kung'aa umefika. Nilisema kwa sauti ya darasani, "Fundi, dawa ni rahisi. Weka daiodi kwenye kila waya. Daiodi hupitisha umeme upande mmoja tu, hivyo hautarudi nyuma."

Fundi alikuwa tayari ameingia chini ya gari. Alijibu kutoka humo. "Ni kweli, Mwalimu. Daiodi itauzuia usirudi. Haya, sasa shemeji yako ashike breki, halafu awashe indiketa ya kulia. Aliye nyuma yake anaona nini?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Breki ikishikwa, utepe wote unawaka, kushoto na kulia. Indiketa ya kulia ikija juu yake, inaleta umeme mahali ambapo umeme tayari upo. Taa iliyokwisha kuwaka haiwezi kupepesa kwa kuongezewa umeme. Aliye nyuma hataona chochote. Daiodi zangu zingeiokoa fyuzi, na mtu anayekata kona kulia huku akipunguza mwendo, jambo ambalo kila dereva hulifanya, angekata bila utepe kumtangaza. Kwenye magari ya Marekani breki ya upande ule huacha kuwaka ili indiketa ipepese, na kuna kifaa kinacholifanya hilo. Kwetu hakipo. Jibu langu lilikuwa sahihi kama jibu la mtihani, na mtihani ungenipa alama zote.

"Huu utepe hauna haja ya kusema kila kitu," fundi aliendelea. "Indiketa ya chungwa ipo na inaonekana. Iache ifanye kazi yake. Huu tuupe neno moja: breki." Naye akaung'oa uunganishaji wote. Vile vibanio vilipotoka, shaba chini yake ilikuwa imekwisha kuota kutu ya kijani, kwani tundu la meno yale huingiza maji, na nyuzi kadhaa zilikuwa zimekatika. Alisafisha, akalehemu kwa bati, akafunika kwa mpira unaonywea kwa joto. Manjano na kijani aliviunganisha pamoja na waya wa breki pekee. Kahawia ulikwenda kwenye taa ndogo za usiku. Mweupe, ambao ni njia ya umeme kurudi, aliufunga kwenye boliti ya chesisi baada ya kukwangua rangi hadi chuma kikameta. Akaweka na fyuzi ndogo ya ampea tatu kwa ajili ya utepe peke yake. Mita yake ilisoma chini ya ampea moja breki iliposhikwa.

Nisije nikaeleweka vibaya. Simpi Kariobangi taji ili niivue shule. Yule aliyemharibia shemeji alikuwa jua kali pia, na mafundi watoboao nyaya ni wengi kuliko wazilehemuo. Tena, siku ileile nilipata nafasi ya kuwa na manufaa kidogo. Pale uani palikuwa na gari jingine lililobadilishiwa balbu za indiketa zikawa za LED. Balbu ya wati 21 hutumia karibu ampea moja na robo tatu, na kompyuta huutazama mkondo huo. LED hutumia sehemu ndogo tu, kwa hiyo kompyuta hudhani balbu imeungua na kupigisha indiketa mbio. Ili kuituliza, mwenye gari alikuwa amefungiwa rezista ya omu sita kando ya kila taa. Rezista ile ilikuwa imeyeyusha plastiki ya taa ya nyuma mpaka ikakunjamana. Mwanagenzi aliniuliza kwa nini kitu kidogo hivyo kichome namna ile. Fundi alijua kwamba huchoma, na kwamba dawa ni kukifunga kwenye chuma, lakini alikuwa amejifunza kwa kuunguza.

Nikachukua chaki. Volti 12 kwa omu sita ni ampea mbili. Ampea mbili mara volti 12 ni wati 24. "Chuma chako cha kulehemu ni cha wati ngapi?" nikamuuliza kijana. Akakigeuza, akasoma: 25. Alinitazama, kisha akaitazama ile plastiki. Fundi akaichukua chaki mkononi mwangu na kuyaandika mahesabu yale ukutani juu ya meza yake ya kazi, mahali yasipofutika kwa kukanyagwa.

Kijana yule alifanya mtihani wa kidato cha nne. Aliniambia gredi yake ya fizikia bila kuulizwa, akicheka. Haikuwa gredi ya kumpeleka popote. Mada zote zilizotumika uani pale tunazifundisha: ukinzani na athari ya joto ya umeme katika kidato cha tatu, daiodi katika kidato cha nne. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 uliahidi mikono yenye kazi, ukaja na masomo ya ufundi, na shule nyingi zikayafundisha bila karakana. Tukarudi kwenye ubao. Daiodi tukaichora, pembetatu na mstari, mwanafunzi akaikariri kama herufi ya lugha asiyoizungumza. Tunamfundisha kwa Kiingereza neno la mzigo wa umeme, naye huliandika mara mia asipate kuhisi uzito wowote ndani yake. Kariobangi nilimsikia kijana huyuhuyu akisema, "Mzigo umezidi, fyuzi imechoka, umeme unatafuta njia ya kurudi," na kila neno lilikuwa mahali pake. Ni nani kati yetu aliyemfelisha?

Nimekwisha kuandika mtihani wa kati ya muhula tangu siku ile. Kawaida yangu ni kutoa volti, kutoa omu, na kuagiza ampea itafutwe. Safari hii nilichora nyaya za breki na indiketa kama zilivyounganishwa kwenye pikapu ya shemeji, nikauliza swali la fundi kama lilivyo. Darasa lililalamika kwamba swali halina takwimu. Wanafunzi wanne tu walijibu, na mmoja wao, msichana ambaye hukaa nyuma kabisa na huwa hasemi, aliandika kwamba kabla ya kujibu angependa kujua kama ni usiku au mchana.

Nirudi uani. Kazi ilipokwisha jua lilikuwa linatua, na fundi hakukubali kulipwa bado. Alimtia shemeji ndani ya gari, akafunga vioo, akaniambia nitembee nyuma hatua 50, nisimame nikiwa nimeligeuzia gari mgongo, na nigeuke tu akipiga mluzi. "Usiniambie taa gani inawaka," alisema. "Niambie dereva anafanya nini."

Akapiga mluzi. Nikageuka. "Ameshika breki," nikapaza sauti.

Mluzi tena. "Ameachia. Anakwenda."

Mluzi wa tatu. "Ameshika breki, na anakata kulia."

Hapo ndipo aliponyoosha mkono apokee pesa zake.